Wali Yuko Wapi

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua haijafika. Mawingu yanakuja mpaka juu ya soko la Kianjai, yanatuangalia, yanaenda zao. Karwirwa amepanda maharagwe kwenye vumbi hivyo hivyo, maana mke wangu ni mtu wa imani. Mimi ni mtu wa kungoja nione.

Kathure amepiga simu kutoka Maua, anakofanya kazi ya maabara kwenye zahanati. Wazee wa Khalif, mchumba wake, watakuja kutuona tarehe kumi na tisa. Nimemwambia waje, mlango wangu haufungwi mchana. Karwirwa amenikanyaga mguu chini ya meza.

Basi niliandike lilivyo. Mtoto wetu ni mmoja tu. Nimemlea kwa Biblia na kamusi, na sasa anataka kuolewa na Mwislamu. Nyumbani tunaongea Kimeru, lakini haya nayaandika kwa Kiswahili, kwa sababu nilikifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu na sitaki kiote kutu. Tena Kimeru kingeniuma zaidi.

Jumanne, 8 Oktoba

Vumbi tu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kathure tena kwenye simu. Nimemwuliza wazi kama ameshabadili dini au wanangoja nitoe baraka kwanza.

"Baba, mimi bado ni Mkristo."

Bado! Nimemweleza matumizi ya hilo neno. Chai bado ni moto, maana yake itapoa. Mtu husema "bado" kwa jambo analotarajia liishe. Halafu akasema, "Baba, kulikuwa na kitu nataka kukuambia."

"Kitu gani?"

"Basi tu."

Akakata. Hawa watoto wa siku hizi hawamalizi sentensi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Nilimtoa beberu wangu mkubwa, yule mwenye baka jeupe. Salesio, jirani yangu na mzee mwenzangu wa kanisa, alikuja mapema kunichinjia. Karwirwa na wanawake wa jumuiya wakapika, wakaponda mukimo wa viazi na mahindi, wakachemsha ndizi. Nyumba ikanukia mpaka barabarani.

Wakaja. Mbele alikuwa Mzee Abdikadir, ami yake Khalif, ndiye aliyemlea baada ya babake kufa. Ni mrefu, ndevu amezipaka hina, ana malori yanayobeba nafaka. Nyuma yake wazee wengine wawili, halafu Khalif mwenyewe na shati lililopigwa pasi likasimama.

Kiswahili cha Abdikadir ni balaa. Amesimama katikati ya sebule yangu akasema, "Mwalimu, mtoto yetu amependa mtoto yako."

"Wetu na wako," nikamwambia.

Akacheka. "Eh, wetu na wako. Hata hiyo ni mzuri zaidi."

Hata hakuelewa kwamba nilikuwa namsahihisha.

Chakula kikaletwa. Abdikadir akaangalia nyama, akauliza kwa upole, "Nani amechinja?" Salesio akajipiga kifua: "Mimi." Wakashukuru. Wakashukuru sana. Halafu wakala ndizi na chai, nyama ikabaki pale imewakodolea macho.

Khalif alinifuata nje. "Mwalimu, si dharau. Ilikuwa tuseme mapema, ni makosa yetu. Ni vile sisi mnyama lazima—"

Nikamwambia naenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na shida yoyote. Nilisimama naye pale mpaka nikasikia gari lao likiondoka.

Mbuzi wangu ana kosa gani? Alikunywa pombe?

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua! Imenyesha mchana kutwa. Karwirwa ananiangalia kama kwamba ameileta yeye.

Jumapili, 27 Oktoba

Salesio amesimulia habari ya mbuzi kanisa zima. Mpaka inafika kwa kina mama wa kwaya, wageni walikuwa wameitema nyama sakafuni. Sikumkatiza. Ningemkatiza kwa nini? Niliumia pia.

Jumatano, 30 Oktoba

Maharagwe yameota yote. Karwirwa hajasema kitu. Anapita tu mbele yangu akiimba.

Jumamosi, 9 Novemba

Wamerudi, na safari hii sikupika kitu. Chai na ndizi, si ndivyo wanavyopenda?

Mvua ilikuwa inapiga mabati vibaya sana. Tulikaa tumeinamiana vichwa tukipigiana kelele kama watu walio kwenye kinu cha kusaga. Nilitaka tuzungumzie imani. Nilikuwa nimejiandaa, nimetia alama kwenye Biblia. Nilitaka kumwuliza Abdikadir wajukuu wangu wataomba kwa jina la nani, na kama binti mmoja atapewa jina la mama yangu au la. Hayo ndiyo yananikosesha raha. Lakini huyu mzee alikuja na lake.

"Mwalimu," akapaza sauti, "kwa dini yetu harusi haiwezi kuwa bila wali."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Bila nini?"

"Wali! Wali wa msichana ni lazima akuje."

"Uje," nikasema. "Wali ni lazima uje."

"Eh, uje. Lakini tunataka wali ya nyumbani kwake kabisa. Si ya kutafuta huko nje."

"Wali *wa* nyumbani kwake."

"Wa nyumbani kwake. Wali akiwa yuko, mambo yote ni rahisi. Sasa Mwalimu, tuambie. Wali yuko?"

Damu ilinipanda. Mtu amemkataa beberu wangu, sasa ananiuliza kwa sauti mbele ya mke wangu kama nyumba hii ina mchele!

"Uko!" nikamwambia. "Wali uko! Hapa si nyumba ya njaa!"

Basi jamaa akaruka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Alhamdulillahi!" Wale wazee wengine nao wakanishika. Khalif machozi yalimlengalenga. Machozi, kwa sababu ya wali! Wakapanga harusi iwe tarehe kumi na nne Desemba, nyumbani kwa Abdikadir huko Maua, wakaondoka kwenye ile mvua wakicheka kama watoto waliofunga shule.

Biblia yangu na zile alama sikuifungua. Hawa watu kwao dini ni tumbo. Hiki mnakula, kile hamli, kingine ni lazima kiwepo. Nimechoka.

Jumatatu, 11 Novemba

Kathure amepiga simu, amefurahi hata anaongea haraka haraka. "Baba, asante. Ami Abdikadir ameniambia ulivyosema. Sikutegemea, kwa kweli. Nilijua utakataa."

Nikamwambia sijafikia mahali pa kukataa kitu kidogo kama hicho.

"Si kidogo, Baba," akasema. Sauti ikabadilika kidogo.

Haya. Si kidogo.

Ijumaa, 15 Novemba

Dada yake Karwirwa aliye Embu ametuma gunia la mchele wa pishori. Liko hapo kona ya sebule. Nikinywa chai linaniangalia.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Ukungu. Majani ya maharagwe yameanza madoa.

Jumamosi, 23 Novemba

Salesio alipita, akaliona gunia. Ikabidi nimweleze. Akapiga goti lake kofi.

"Mwalimu! Tangu lini Wameru wakabeba chakula kupelekea watu wanaokuja kuoa? Wao ndio wa kubeba! Wao ndio wa kuleta asali na kondoo hapa uani! Sasa wewe unampeleka msichana na chakula juu? Umekuwa nini, hoteli?"

Kila alichosema ndicho kilichokuwa kinanitafuna. Akaenda, na mimi nikachukua simu nikampigia Abdikadir kabla sijapoa.

Nilimwambia hivi, nayaandika kama nilivyoyasema: "Mzee Abdikadir, nimefikiria. Habari ya wali, mimi sitoi. Mkitaka wali, tafuteni huko huko Maua."



"Mwalimu," akasema polepole. "Unasema hii ukiwa na hasira ama unasema na roho yako?"

"Nasema kwa roho yangu."

"Mwalimu, hii ni maneno nzito."

"Ni maneno *mazito*," nikasema. "Na nimeyasema."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Sawa. Tutatafuta wali mwingine."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, upatanisho wake wa kisarufi ulikuwa safi.

Jumapili, 24 Novemba

Ujumbe wa Kathure: *Baba nimeambiwa ulichosema. Sitakusumbua tena.*

Ati nini? Kwa gunia la mchele? Nimempigia, hapokei.

Alhamisi, 28 Novemba

Hapokei.

Jumapili, 1 Desemba

Karwirwa amelia wakati wa kuosha vyombo. Nimesimama mlangoni sijui niseme nini, na nisipojua la kusema huwa naongea sana. Nimesema mtoto tuliyemsomesha anatutupa kwa sababu ya sahani ya chakula. Nimesema hivi ndivyo hiyo dini inavyobadilisha watu, na hata bado hajaingia.

Karwirwa hakugeuka. "Anachotaka si mchele, Baba Kathure."

"Ni nini basi?"

"Muulize."

"Hapokei simu!"

"Alipokuwa anapokea ulimuuliza?"

Nikatoka nje. Hata kule nje mvua, huwezi kukaa. Nikarudi nikasimama jikoni kama mgeni.

Jumanne, 3 Desemba

Maharagwe yanaozea shambani. Mvua iliyoombwa na kanisa zima sasa haijui kuacha.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimekaa na mambo haya nikajiuliza ni kitu gani hasa nimewakosea wale watu. Siwaelewi. Nilikuwa tayari kubishana nao juu ya Mungu, kwa adabu, kama watu wazima. Wao wananiletea habari za chakula, wananuna, wananyamaza. Mtu utaongeaje na watu kama hao?

Jumatano, 11 Desemba

Niandike pole pole.

Leo asubuhi nilienda sokoni kutafuta dawa ya ukungu wa maharagwe. Nikapita kwa Fosia, yule mama wa Kiislamu anayeuza leso na vitambaa. Siku zote ananiita kwa mbali, "Mwalimu wetu!" na mimi nampa salamu. Leo hakuniita. Aligeuza uso akaanza kukunja leso zilizokuwa zimekunjwa tayari.

Nikasimama. "Fosia, na wewe nimekukosea nini?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Mwalimu, mimi nakuheshimu. Lakini hii umefanya ni vibaya. Mtu anakataaje kuwa wali wa mtoto wake?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa namwambia mtu hawezi *kuwa* wali, wali hupikwa. Nilifika "Mtu hawezi ku—" nikasikia alichosema.

"Kuwa nini?"

"Wali! Kwani nasema kitu gani?"

"Wali wa... wa kula?"

Fosia aliangusha leso. "Wa kula? Mwalimu! Wali ni baba! Ni yule anasimama na msichana, anamshika bwana harusi mkono, anasema nimekuoza mtoto wangu! Bila yeye hakuna ndoa!" Akanikazia macho. "Ngoja. Wewe ulifikiria wanataka chakula?"

Nikakaa kwenye kigoda chake cha wateja. Yule mama alitaka kucheka, nilimwona, halafu akaona uso wangu akaacha.

"Na unajua nini tena?" akasema, sasa kwa upole. "Kathure angebadili dini, wewe hungeweza kuwa wali wake. Wangetafuta Mwislamu. Hakuna mtu amemlazimisha. Ni kwa sababu bado ni Mkristo, ndio wali wake ni wewe. Wewe Mkristo, baba yake. Sheikh mwenyewe ndiye alisema."

Bado. Nilimkatiza mtoto wangu juu ya hilo neno, na lililokuwa linafuata ndilo hili.

Neno lenyewe nalijua! Kamusini ni *walii*, irabu mbili mwishoni. Nilifundisha kwamba ni mtu mtakatifu wa Waislamu, nikaenda kwenye neno linalofuata, hii maana nyingine nikaiacha. Irabu moja ililiwa na mabati. Nyingine zote nimezila mimi. Wali *akuje*. Wali *yuko*? Yule mzee alikuwa ananitajia mtu, na kila alipotaja mtu mimi nikamgeuzia kuwa kitu. Alisema sawa tangu mwanzo! Alisema sawa, nikamsahihisha mpaka akakosea, na kwa adabu yake akanifuata.

Halafu nikampigia simu nikamwambia nimekataa kumsimamia binti yangu. Akaniuliza kama ni hasira. Akaniambia ni maneno mazito, na mimi nikaona kosa la sarufi.

Mjinga mimi. Mjinga mkubwa na cheti ukutani.

Alhamisi, 12 Desemba

Kathure hapokei. Abdikadir sijampigia. Nina aibu, tena simu ndiyo iliyoniharibia. Mambo haya yanataka mtu afike mwenyewe.

Nimemweleza Karwirwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kitandani, akafunika uso kwa leso. Mabega yalikuwa yanatikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. Halafu akalia kweli. Halafu akainuka akaenda kunipigia suti pasi.

Ijumaa, 13 Desemba

Salesio amekuja, amesikia. Amesema nikisimama mbele ya sheikh, baraza la kanisa litaniita nijieleze, na yeye hataweza kunitetea. Nimemwambia nitakwenda mbele ya baraza nikiitwa, nitajibu kila swali, na alichoamini babangu ndicho ninachoamini hata leo. Sijahama hata hatua moja. Lakini kesho niko Maua.

"Na wakikufukuza?"

"Baraza ama Maua?"

Akaaga akaenda. Wanaweza wote, kwa kweli.

Jumamosi, 14 Desemba

Tumefika Maua tumechelewa, matope mpaka magotini, mimi nimevaa suti na gambuti, Karwirwa na kofia ya kanisa, na lile gunia la pishori ambalo alikataa katakata kuliacha.

Sebule ya Abdikadir ilikuwa imejaa wanaume wamekaa juu ya zulia. Nilivua gambuti mlangoni. Soksi moja ina tundu. Hakuna aliyeniona, kwa sababu wote walikuwa wanamwangalia sheikh, na mimi nilikuwa nyuma ya watu warefu. Mvua ilikuwa inapiga mabati huku pia. Sheikh, kijana mwenye miwani, akainua kichwa akauliza kwa sauti:

"Wali wa msichana yuko wapi?"

Yuko. Nilisikia kila silabi.

Khalif ameinamisha kichwa. Abdikadir akakohoa, akaanza kusema kwamba wali ana udhuru. Alisema *udhuru*. Baada ya yote niliyomwambia, yule mzee alikuwa ananisitiri mbele ya watu wake.

"Yuko hapa," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. "Wali yuko hapa. Ni mimi."

Waligeuka wote. Abdikadir aliinuka, na nikaona hajui kama nimekuja kuharibu au kujenga. Nilikuwa nimetunga hotuba njia nzima, na yote ikapotea. Nikamwambia, "Mzee, siku ile nilidhani unaniomba chakula."

Alikunja uso. Akarudi nyuma kichwani mwake, nikamwona akirudi, neno kwa neno, mpaka akafika. "Uko," akanong'ona. "Ulisema *uko*. Wallahi, Mwalimu, nilifikiria hiyo ndiyo Kiswahili mzuri!"

Akanikumbatia na suti yangu yenye matope. Cheko lake lilipita ukuta mpaka kwa wanawake.

Sheikh aliniuliza kama nimekuja kwa hiari yangu na kama naelewa ninachofanya. Nikamwambia dini yake siikubali na sitamdanganya, lakini baba wa Kathure ni mimi na hakuna mwingine. Akasema hicho tu ndicho alichouliza. Akanikalisha mbele ya Khalif, akatushikisha mikono. Mkono wa kijana ulikuwa baridi, umelowa jasho. Akanipa maneno kidogo kidogo, nikayarudia kama mwanafunzi wa darasa la kwanza: nimekuoza binti yangu Kathure. Hapo kwenye jina nilikwama. Hakuna aliyenisaidia, walingoja tu, mpaka nikalimaliza mwenyewe.

"Nimekubali," akasema Khalif.

Bado nina maswali yangu yote. Wajukuu, jina la mama yangu, Biblia yenye alama. Nilimwambia Abdikadir nitakuja nayo. Akasema nije, tutabishana mpaka tuzeeke zaidi, bora nikae huku ndani, nisikimbilie kwa ng'ombe. Khalif aliwaambia ile ya ng'ombe, kumbe.

Kathure alitoka kwa wanawake, macho mekundu, mikono imechorwa hina mpaka viwikoni. Nilianza kusema. Nilikuwa na mengi ya kueleza, irabu, mabati, na yule mjinga Salesio. Halafu nikanyamaza, kwa sababu niliona ana kitu anataka kuniambia.

Alikuwa ameshika sahani imejaa pishori ya Embu. Akapiga magoti akaiweka mbele yangu.

"Wali," akasema, "kula wali."

Na sikuwa na la kusahihisha.